Bastola kuukuu ya jeshi: uchague ncha mviringo, ncha butu au ncha tundu?

Bastola nyingi za zamani zilizomo mikononi mwa raia wenye leseni zilizaliwa jeshini: Makarov, Tokarev na ndugu yake wa Kichina Type 54, Browning Hi-Power, Walther P38, na mara mojamoja rivolva ya Webley au Enfield. Ni vyuma vilivyotengenezwa kwa umakini, na vingi bado vinapiga vizuri. Ila vinafanana kwa jambo moja. Vyote vilichongwa kwa ajili ya kula risasi ya umbo moja tu.

Sababu yake ni ya kale. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilizuia nchi zilizolikubali kutumia vitani risasi zinazopanuka mwilini, zile zilizopewa jina la dumdum kutokana na kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta. Majeshi yakabaki na kichwa cha risasi cha mviringo kilichovikwa koti gumu la chuma, mara nyingi la shaba, hadi kwenye ncha. Mteremko wa kuingiza risasi kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi), midomo ya magazini na nguvu ya springi vikapimwa kwa kichwa hicho. Risasi ya kujilindia ya leo, yenye shimo kwenye ncha, ilikuja baadaye na ina umbo lingine. Ndiyo maana mwenye bastola kuukuu aanze kwa kujiuliza bastola yake inakula nini bila kukwama. Risasi bora kuliko zote duniani, ikigota mlangoni mwa chemba, ni kipande cha chuma tu.

Aina tatu utakazokutana nazo

Kwenye boksi utasoma herufi. FMJ ni koti zima, ncha mviringo. Inaingia kwenye bastola yoyote nzima ya kaliba yake, ina bei nafuu, na ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Ubaya wake ni kwamba haipanuki. Inapita moja kwa moja, na ikitoka upande wa pili bado ina nguvu ya kumdhuru mtu mwingine.

JHP ni ncha tundu. Ikigonga kitu chenye majimaji, shimo linajaa, kichwa kinafunguka kama ua na kupunguza mwendo ndani ya lengo. Hatari ya kutoka na kumpata aliye nyuma inapungua. Ila mdomo wake mpana na mfupi unaweza kujikwaa kwenye mteremko wa zamani. Tena inahitaji mwendo wa kutosha ili ifunguke. Katika mtutu mfupi wa kaliba dhaifu inaweza isifunguke kabisa, au ifunguke mapema mno na kuishia juujuu. Kipimo kinachotumika sana ni cha FBI ya Marekani, kilichotokana na mapambano ya risasi kati ya maajenti wake na majambazi huko Miami, Aprili 1986: kichwa kiingie kati ya inchi 12 na 18 (sentimita 30 hadi 46) kwenye jeli ya majaribio. Chini ya hapo hakifiki panapotakiwa, juu ya hapo kinavuka.

Kati ya hizo mbili kuna ya tatu, na kwa bastola kuukuu ndiyo tunayoipenda zaidi: ncha tundu iliyozibwa kwa plastiki laini. Hornady Critical Defense ni mfano unaojulikana. Plastiki inairudishia ncha umbo linalokaribia la mviringo, hivyo inateleza juu ya mteremko. Vilevile inazuia shimo lisijae nyuzi za nguo kabla ya kufika mwilini. Ndugu yake wa mbali ni FMJ ya ncha butu, yenye uso bapa. Haipanuki, na kwenye mteremko wa zamani hukwama mara nyingi zaidi ya ya mviringo. Kwa kazi hii haituvutii.

Kwanza hakikisha kaliba, maana "tisa" ziko tatu

Hapa ndipo makosa mabaya hutokea, kwa sababu watu husema "risasi za 9mm" kana kwamba ni kitu kimoja. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye kitako cha ganda, usiishie kwenye boksi.

Ya kwanza ni 9x19, inayoandikwa pia 9mm Luger au 9mm Para. Ndiyo ya Hi-Power na P38. Ya pili ni 9x18, yaani 9mm Makarov. Ya tatu ni 9x17, inayoitwa 9mm Kurz, 9mm Corto au .380 Auto, ya bastola kama Beretta M1934. Namba ya mwisho ni urefu wa ganda kwa milimita. Ila urefu si tofauti pekee. Kichwa cha Makarov kina kipenyo cha kama milimita 9.27, wakati cha 9x19 kina kama 9.02. Kwa hiyo 9x17 inaweza kuingia kwenye chemba ya Makarov na hata kulia, lakini kichwa kinapita kikicheza kwenye mtutu mpana na hakiendi unakolenga. Upande wa pili, risasi ya 9x19 ni ndefu mno kwa Makarov, na slaidi haifungi. Usiilazimishe kwa kiganja.

Mtego mwingine uko kwa Tokarev. Risasi yake ni 7.62x25. Mauser C96 ya zamani inatumia 7.63x25, na vipimo vyake vinakaribiana kiasi kwamba ya Tokarev inaingia. Lakini ya Tokarev hupakiwa kwa nguvu zaidi, na kuipiga ndani ya C96 iliyochoka ni kuichosha hadi ipasuke. Kwa upande wa rivolva, Enfield No. 2 hutumia .38 S&W, ambayo ni pana na fupi kuliko .38 Special. Ukikuta Enfield ambayo .38 Special inaingia hadi mwisho, ujue mtu ameshachimba silinda yake. Usiipige.

Sasa bastola zenyewe

Makarov ndiyo rahisi kuichagulia. Ilipokelewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951, ina uzito wa gramu 730 hivi bila risasi, magazini ya risasi 8, na mtutu wake umefungwa moja kwa moja kwenye fremu bila kifuli chochote. Slaidi inarudi kwa kusukumwa na ganda lenyewe. Risasi zinapanda karibu kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo Makarov nyingi hukubali ncha tundu bila ubishi. Tatizo ni nguvu. Kichwa cha greni 95 (gramu 6.1) hutoka kwa mita 315 hivi kwa sekunde, na hapo ncha tundu nyingi hulazimika kuchagua moja: kupanuka au kufika ndani. Ukiipata ile ya Hornady yenye plastiki ya greni 95, chukua hiyo. Usipoipata, FMJ ya kawaida katika kaliba hii si chaguo baya, maana nguvu yake ya kupita si ya kutisha. Kitu cha kukataa ni risasi za PMM, zilizopakiwa moto kwa ajili ya toleo lililoimarishwa. Kwenye Makarov ya kawaida zinaipiga slaidi kwenye fremu kwa kishindo ambacho haikuundiwa.

Tokarev ni kinyume chake. Kichwa chepesi cha greni 85, gramu 5.5, kinatoka kwa zaidi ya mita 420 kwa sekunde. Hapa FMJ ndiyo inayotutia wasiwasi. Fikiria nyumba ya kupanga Manzese au Mbagala: chumba na chumba vimetenganishwa kwa plaiwudi au jipsamu, mlango wa mbao nyepesi, juu mabati, na upande wa pili wa ukuta kuna familia imelala. Tofali gumu la saruji la inchi sita lililojengwa vizuri kwa kawaida huzuia risasi ya bastola. Plaiwudi, jipsamu, kioo cha dirisha la alumini na bati havizuii chochote. Kwa Tokarev ya kujilindia ndani ya nyumba, ncha tundu si anasa, ni wajibu kwa jirani. Prvi Partizan wa Serbia hutengeneza JHP ya greni 85 kwa kaliba hii, na mwendo mkubwa wa Tokarev unaisaidia kufunguka. Habari njema ni kwamba midomo inayoongoza risasi kwenye Tokarev haimo kwenye magazini. Imechongwa kwenye kifurushi cha nyundo ndani ya fremu. Magazini iliyobonyea kidogo haiiharibii bastola hii kama inavyoziharibia nyingine.

Tokarev ina jambo jingine la kukumbuka kabla hujafikiria risasi. Nyingi za awali hazina sefti, zina kituo cha nusu tu cha nyundo, kinachoishika katikati ya njia, na kituo hicho kikichakaa hakiaminiki. Usiiweke na risasi kwenye chemba. Chemba tupu, magazini ndani, basi. Na kama bastola yako ni CZ 52 ya Kicheki, inayotumia risasi hiyohiyo, pini yake ni ya chuma kinachokatika kwa urahisi, hasa ikifyatuliwa tupu. Pini mpya ni bei ndogo kuliko kugundua imekatika usiku.

Browning Hi-Power inataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu zipo za vizazi tofauti na nje zinafanana. Ilianza mwaka 1935 huko FN, Ubelgiji, magazini ya risasi 13, kaliba 9x19. Za zamani zina nundu kwenye mteremko wa kuingizia risasi. Nundu hiyo iliwekwa kwa ajili ya ncha mviringo, na ncha tundu yenye mdomo mpana hugonga hapo na kusimama. Kuanzia matoleo ya miaka ya 1980 mteremko ulinyooshwa, na hizo hula karibu kila kitu. Utajuaje yako? Fungua slaidi, toa magazini, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, kisha mulika tochi chini ya mdomo wa chemba. Ukiona mteremko unaojikunja na kupanda kwa hatua mbili, una ya zamani. Ishara nyingine ni kulabu ya kutolea ganda. Kabla ya 1962 ilikuwa imefichwa ndani ya slaidi, baada ya hapo ikawa nje ubavuni. Zenye kulabu ya ndani ni kongwe kabisa na zinastahili kuhurumiwa.

Kwa Hi-Power yenye nundu tunashauri risasi yenye plastiki ya greni 115, au FMJ ya greni 124. Kwa ile iliyonyooka, ncha tundu ya greni 124 ya shinikizo la kawaida. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Boksi lenye alama ya +P, yaani risasi za shinikizo kubwa kuliko kawaida, liache dukani. Kikomo cha kawaida cha 9x19 kwa viwango vya Marekani ni psi (ratili kwa inchi ya mraba) 35,000, na +P hufika 38,500. Bastola mpya haioni tofauti. Fremu na slaidi ya miaka 60 inaiona, na nyufa huanza mahali usipotazama.

P38 haina haja ya hadithi ndefu: FMJ au yenye plastiki, greni 115 hadi 124, shinikizo la kawaida, na epuka vichwa vizito vya greni 147. Sehemu zake dhaifu ni kipande cha kufungia kilicho chini ya mtutu na slaidi yenyewe. Kwa zile za wakati wa vita, usiwe na imani na sefti inayoangusha nyundo. Vipande vya ndani vikichoka, nyundo inaweza kuigonga pini. Kila unapoishusha, mtutu uelekee mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu.

Rivolva za Kiingereza hatuzipendekezi kwa kazi hii. Risasi za .455 na .38 S&W ni za shida kupatikana, na baadhi ya Webley Mk VI zilisagwa nyuma ya silinda ili zipokee .45 ACP, ambayo shinikizo lake limezidi sana lile la .455. Kama ndiyo pekee uliyonayo, tumia risasi ya kaliba yake halisi, yenye kichwa cha madini laini ya risasi kisicho na koti, na fundi aipime silinda kwanza.

Kwa ufupi wa dukani:

| Bastola | Kaliba | Chaguo la kwanza | Mbadala | Usinunue |
|---|---|---|---|---|
| Makarov | 9x18 | yenye plastiki, greni 95 | FMJ | PMM, 9x17 |
| Tokarev, Type 54 | 7.62x25 | JHP, greni 85 | FMJ mpya, ukuta wa tofali tu | akiba ya zamani ya jeshi |
| Hi-Power yenye nundu | 9x19 | yenye plastiki, greni 115 | FMJ, greni 124 | +P |
| Hi-Power iliyonyooka | 9x19 | JHP, greni 124 | yenye plastiki | +P |
| P38 | 9x19 | yenye plastiki, greni 115 | FMJ | +P, greni 147 |

Risasi za zamani za jeshi, na hewa ya pwani

Kuna wanaodhani bastola ya jeshi inastahili risasi za jeshi za enzi yake. Kwa Tokarev hasa, akiba nyingi za zamani zina fataki (kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) zinazoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani, na hewa ya Mbezi Beach, Kigamboni au Upanga haina uhaba wa maji. Bastola iliyopigwa jioni bila kusafishwa inaweza kuonyesha kutu ndani ya siku moja au mbili. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi, maana chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Maji ya moto ndiyo yanayoiyeyusha: pitisha kwenye mtutu, safisha uso wa slaidi na pini, kausha kabisa, kisha ndipo upake mafuta. Zaidi ya hapo, fataki za zamani ni ngumu, na springi ya nyundo iliyochoka haizichomi zote. Kwa mazoezi sawa, ukikubali kazi ya kuosha. Kwa kujilinda, hapana.

Jaribu kabla hujaiamini

Chaguo lolote lililo kwenye jedwali ni la kuanzia tu. Bastola yako ndiyo itakayosema. Kwanza badilisha springi ya kurudishia slaidi na springi za magazini kama hujui umri wake. Wolff wa Marekani hutengeneza za nyingi kati ya hizi, na hakuna matengenezo yanayolipa zaidi ya hayo. Kisha, kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, piga angalau risasi 20 za FMJ kwa kila magazini. Ikipita bila kukwama, piga 50 za aina uliyochagua, ukizigawa kwenye magazini zote. Ni gharama, tunajua, na idadi ya risasi unazoruhusiwa inabana. Ndiyo sababu tunapenda uchague aina moja na kubaki nayo.

Ikikwama, angalia ilivyokwama kabla ya kuirekebisha. Ncha imegota chini ya mlango wa chemba: umbo la risasi halikubaliani na mteremko, badili aina. Ncha imeinuka juu kama inatazama angani: midomo ya magazini imepanuka au springi yake imechoka. Ganda tupu limesimama wima likibanwa na slaidi: risasi ni dhaifu, au mkono umelegea, au kitupio cha ganda kimechakaa. Slaidi imebaki milimita chache bila kufunga: chemba chafu au springi ya kurudishia imekufa. Ukivuta kifyatulio na isilie, shikilia bastola ikielekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha hapohapo, toa risasi zote na uangalie mtutu, kwa sababu kichwa kinaweza kuwa kimekwama ndani, na risasi inayofuata itaupasua.

Usijaribu kulainisha mteremko kwa tupa au msasa. Ukiuondoa hata kidogo kupita kiasi, kitako cha ganda kinabaki bila cha kukizuia na kinapasukia mkononi. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni, na mara nyingi yeye mwenyewe atakushauri ubadili risasi badala ya chuma.

Kuzihifadhi

Bastola na risasi zikae kwenye sefu iliyofungwa, mbali na watoto na yeyote asiye na leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania ya 2015 haina mzaha, na kaliba unayonunua lazima ilingane na iliyo kwenye leseni yako. Kabla ya kuagiza aina isiyo ya kawaida kama ncha tundu, uliza kwanza polisi wanaosimamia usajili wa silaha. Na kwa kuwa tunazungumzia kujilinda, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakubali nguvu ya kadiri inayolingana na hatari iliyopo. Risasi nzuri haibadilishi hilo.

Weka vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya sefu na uvibadilishe vikilowa. Usipulizie risasi mafuta ya dawa ya kutu. Mafuta hupenya pembeni mwa fataki na kuizima. Kosa jingine hufanywa kila usiku na watu waangalifu kabisa: kuingiza risasi ya juu kwenye chemba, asubuhi kuitoa, usiku kuirudisha. Kila mara kichwa kinagonga mteremko na kusukumwa kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda. Ilinganishe risasi hiyo na mpya ya boksi lilelile kwa kuzisimamisha mezani. Ikiwa fupi hata kwa jicho, usiipige, ipeleke kwa muuzaji mwenye leseni aiondoe. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, piga za zamani uwanjani na ujaze mpya.